Pikapu kongwe za Mbinga: Ekseli gani iko chini ya gari lako?

Lami imefika Mbamba Bay, lakini njia za kupanda vijijini bado ni za Land Rover kuukuu zinazoshusha kahawa na kupandisha usipa. Mafundi wanabishana: ekseli ya nyuma ibaki ya asili, au itolewe?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

SHAFTI ilikuwa mpya, imepakwa grisi na kuviringishwa kwenye gazeti. Mwenye gari aliifuata Songea kwa basi la alfajiri, mwendo wa kilometa kama 100, akarudi nayo mchana akijua kazi imekwisha.

Fundi aliifungua, akahesabu meno ya ncha yake kwa ukucha wa kidole gumba. Kumi. Kisha akaokota kipande cha shafti iliyokatika kutoka kwenye beseni la mafuta ya taa, akahesabu tena. Ishirini na manne. Hakusema neno. Aliirudisha ile mpya kwenye gazeti lake.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya gereji, limekalishwa juu ya magogo: pikapu ya Land Rover 109, kijani iliyopauka, bodi ya aluminiamu yenye viraka, nyuma inanuka usipa. Kadi inasema ni Series IIA. Muuza spea alisoma kadi, akatoa shafti ya Series IIA. Hakukosea, na kadi haikudanganya. Ila ekseli iliyofungwa chini ya gari hilo ilitoka kwenye Series III, na hakuna anayekumbuka nani aliihamishia hapo wala lini.

Nauli ya kwenda na kurudi imepotea, na mzigo wa mtu umelala. Zunguka gereji za Mbinga utakuta visa vya namna hiyo kila upande, na nyuma yake kuna ubishi mkubwa zaidi: magari haya yafanyiwe nini?

Ya misheni, ya ushirika, ya bwana shamba

Namba 109 ni urefu wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani kama meta 2.77. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na matoleo yake ya Series II, IIA na III yakaendelea hadi 1985.

Tanganyika ilipopata uhuru, Land Rover ndilo lilikuwa gari la bwana shamba, la polisi, la hospitali na la ushirika. Ruvuma ilikuwa na sababu ya ziada: Wabenediktini wa Peramiho, walioanza kazi mwaka 1898, walikuwa na karakana na shule ya ufundi. Vijana wengi wa mkoa huu walijifunza kushika spana huko kabla VETA haijazaliwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Magari hayo yalipochoka maofisini yalipigwa mnada. Yakaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa kahawa, mahindi na samaki. Hapo ndipo historia yake ya karatasi ilipokatika, kwa sababu kila aliyeyanunua alifunga alichokipata.

Siku hizi safari ndefu si zake tena. Barabara ya Songea hadi Mbinga iliwekwa lami kwa fedha za mfuko wa Milenia wa Marekani, MCC. Ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabasi na malori yamechukua kazi hiyo.

Pikapu kongwe zimerudi nyuma, kwenye njia za udongo za Litembo, Maguu na Langiro, na upande wa Tingi katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huko mvua ikinyesha, gari la kisasa lenye tumbo la chini halifiki.

Kwa nini hukatika nyuma, na si mbele

Ziwa Nyasa liko meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu ya meta 1,300, na vijiji vya milima ya Umatengo vinapanda zaidi ya hapo. Dereva anayetoka ufukweni na usipa anapandisha mzigo zaidi ya meta 800 kabla hajaiona Mbinga.

Injini ya 109 ya dizeli ina ujazo wa lita 2.25 na nguvu za farasi 62 tu. Isikudanganye. Gia za chini za transfa zinaizidisha nguvu hiyo mara nyingi, na yote inaishia kwenye shafti mbili za nyuma zilizobeba uzito wa magunia. Gunia 10 za mahindi ni tani moja.

Udongo mwekundu ukilowa, tairi moja huteleza na kuzunguka kwa kasi bila kushika. Likikutana ghafla na jiwe au mzizi, linashika. Mshtuko huo ndio unaokata shafti, hasa ile nyembamba yenye meno 10. Madereva wa zamani wanaijua sauti yake: kishindo kimoja, halafu injini inalia na gari halisogei.

Kuhusu breki ya mkono, wenye magari wengi niliozungumza nao hawakuwa na habari. Land Rover za Series hazikufungwa breki ya mkono kwenye magurudumu. Inashika propela ya nyuma, pale inapotokea kwenye transfa. Nguvu yake hufika kwenye matairi kwa kupitia difu na shafti zilezile.

> Shafti moja ya nyuma ikikatika mlimani, breki ya mkono nayo imekwenda. Propela imeshikwa, difu inazungukia upande uliokatika, na gari linaondoka.

Kuacha gari kwenye gia hakusaidii pia, isipokuwa magurudumu ya mbele yawe yameunganishwa. Utingo wa milimani anayeruka chini na jiwe mkononi gari likisimama hafanyi mbwembwe. Yeye ndiye breki.

Uzuri mmoja upo. Ekseli hii ni ya aina ambayo gurudumu linabebwa na habu na beringi zake, si na shafti. Shafti ikikatika gurudumu halichomoki. Dereva hufungua bolti sita za kifuniko cha habu, huvuta kipande kilichokatika, huunganisha magurudumu ya mbele na kurudi nyumbani polepole yakimvuta hayo ya mbele. Chuma kilichobaki ndani ya difu lazima kitolewe mapema, kabla hakijaingia kwenye meno.

Lala chini, tazama nyuma

Kuitambua ekseli hakuhitaji kitabu. Kunahitaji tochi na mtu asiyeogopa kuchafuka.

Land Rover 109 zilitoka kiwandani na ekseli za nyuma za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Rover yenyewe, iliyo kwenye Series II na IIA nyingi. Ukitazama kutoka nyuma ya gari unaona kesi ya mviringo iliyo laini, haina mfuniko wa kufungua. Difu yake inatolewa kwa mbele, nzima nzima, kwa kufungua nati zinazoizunguka upande wa propela.

Ya pili inaitwa Salisbury. Ilianza kufungwa kwenye baadhi ya IIA za mwisho, kisha ikawa ya kawaida kwenye 109 za Series III. Hii ina mfuniko wa bati kwa nyuma wenye bolti 10, na kitumbo chake ni kikubwa, kinaning'inia chini zaidi. Krauni na pinioni zimefungwa ndani ya kesi hiyohiyo. Huwezi kuzitoa kama furushi.

Kipimo kingine ni oili. Difu ya Rover inameza lita 1.75 za namba 90. Salisbury inameza lita 2.5. Fundi anayejaza kwa mazoea, bila kuangalia oili inapofika kwenye tundu la kujazia, anaiacha Salisbury na upungufu wa robo tatu lita, kisha anashangaa difu ikianza kulia baada ya mwezi.

Shafti zenyewe ni kama tulivyoona kwenye beseni: za Rover mara nyingi zina meno 10 upande wa ndani, za Salisbury 24. Hazibadilishani.

Kwa Toyota Land Cruiser kongwe kazi ni rahisi zaidi, bamba likiwepo. Kiwanda kiliandika alama ya ekseli kwenye bamba la utambulisho, pamoja na ya giaboksi. Tatizo ni kwamba bamba linaeleza gari lilivyozaliwa, na gari la miaka 40 limeshapita mikono mingi tangu siku hiyo. Ndiyo maana hata wa Toyota alale chini.

Mwenye Peugeot 404 pikapu asinifuate katika sehemu hii. Wafaransa hao walitumia mfumo wa skrubu badala ya krauni na pinioni, na spea zake ni hadithi nyingine ya kusikitisha.

Hesabu kwa chaki

Kujua jina la ekseli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni resho, yaani propela inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja.

Weka gari mahali tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe pande zote mbili, inua nyuma na uikalishe kwenye stendi, si kwenye jeki. Weka gia huru, na kwa Land Rover achia breki ya mkono, maana inashika propela. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma mzunguko mmoja, upande mmoja, huku mwenzako akihesabu propela.

Ukiwa umeinua gurudumu moja tu, lizungushe mara mbili. Hesabu itakuwa ileile, kwa sababu difu inagawa.

Land Rover 109 ya asili, iwe Rover au Salisbury, itakupa karibu mizunguko minne na robo tatu. Hiyo ni 4.7: krauni ya meno 47 kwa pinioni ya meno 10. Ukipata mitatu na nusu, kuna mtu alishaweka difu ya Range Rover au Discovery, ambayo ni 3.54.

Kambi mbili, na wa tatu mwenye haraka

Kwenye gereji niliyoanzia habari hii kulikuwa na mafundi wawili ambao hawakubaliani kwa lolote isipokuwa chai ya saa nne.

Mkubwa, mtu mzima aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya misheni, ambaye wote wanamwita Mzee hata akiwa hayupo, anasema pikapu ya mlimani inataka 4.7 na si vinginevyo. Ekseli ya Rover ikikata shafti mara kwa mara, dawa yake ni Salisbury kamili, na breki zake, kutoka kwenye 109 nyingine iliyokufa. Inaingia kwenye springi zilezile, na tairi la akiba linabaki lilelile. Asili yake ni familia moja na ekseli ya Dana 60 ya Marekani, iliyobeba magari mazito kuliko hili kwa miongo mingi. Kosa lake ni uzito, na kile kitumbo kinachogonga mawe katikati ya njia.

Kijana hakatai kwamba Salisbury ni imara. Anauliza itatoka wapi. 109 zilizokufa zimekatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu, na zilizobaki nzima sasa zina wapenzi wa mjini. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, lilifanya hata mwenye gari bovu apandishe bei. Yeye anataka ekseli za Land Cruiser 75. Spea zake, anasema, ziko Songea, Njombe na Mbeya, na fundi yeyote anazijua.

Katika hili la spea kijana ana haki, na Mzee anajua hivyo. Hoja ya kijana inavunjika pale wateja wanapoomba abadilishe ya nyuma peke yake ili kupunguza gharama.

Gari linalovuta magurudumu manne lazima liwe na resho moja mbele na nyuma. Ukiacha 4.7 mbele na kuweka namba nyingine nyuma, siku utakayounganisha magurudumu yote kwenye ardhi kavu, ekseli zitavutana. Kitakachopasuka kwanza ni transfa au propela. Kwa maneno mengine, umehamisha ubovu kutoka kwenye shafti moja hadi katikati ya gari.

Kuna mengine. Land Rover ina nati tano kwenye gurudumu, Land Cruiser 75 ina sita, kwa hiyo ukibadilisha nyuma tu unahitaji matairi mawili ya akiba. Difu ya Land Rover imekaa upande wa kulia ili ilingane na transfa; kichwa cha difu kikihamia kwingine, propela inakwenda mshazari na kros zake zinaisha upesi. Na upana wa ekseli si mmoja, kwa hiyo viti vya springi vinakatwa na kuchomelewa upya.

> Kuchomelea ndiko kunakotisha. Bomba la ekseli likipata moto mwingi upande mmoja linapinda, na kupinda kwake hakuonekani kwa macho.

Baya zaidi nimeliona kwenye pikapu moja iliyokuwa imefungwa ekseli ya Hilux. Hizo zimejaa kila mahali na bei yake ni nafuu, lakini kwenye ekseli ya namna hiyo shafti ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatika karibu na habu, gurudumu linaondoka na kipande chake. Kuitofautisha ni rahisi: tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu iliyotokeza na duara la bolti, gurudumu linajitegemea. Ukiona pamekuwa bapa, shafti ndiyo mhimili. Kwa tani moja ya kahawa kwenye kona za Litembo, mimi nisingepanda.

Wa tatu ni mwenye haraka. Huyu anataka mwendo kwenye lami, na anaomba difu ya 3.54. Inaingia kwenye kesi ya Rover bila kuchomelea chochote, na akibadilisha mbele na nyuma hakuna kinachovutana. Kwa mzunguko uleule wa injini gari linakwenda kasi zaidi kwa karibu theluthi moja. Lakini nguvu ya kuvuta kwenye matairi inapungua kwa robo, na ndivyo ilivyo kwa injini inapozuia gari kwenye mteremko. Anayeshuka kwenda Mbamba Bay na mzigo atalazimika kukanyaga breki muda mrefu zaidi, na breki hizo ni za drami. Zikipata moto, hazishiki.

Niseme wazi nilipo. Gari lenye maisha yake Umatengo libaki na 4.7. Salisbury ikipatikana, ifungwe. Isipopatikana, Rover ya asili yenye shafti nzima, isiyozidishiwa mzigo, ni bora kuliko Toyota ya nusu. Na anayetaka Toyota anunue ekseli zote mbili, au asubiri fedha.

Mchanga na maji

Ufukweni tatizo ni lingine. Liuli, Lituhi na Mbamba Bay pikapu hushuka hadi kwenye mchanga kufuata mitumbwi, na vijito vya kuingia ziwani havina madaraja yote.

Difu iliyotoka mlimani ina moto. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia oili sili, hasa tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli likiwa limezibwa na matope. Ukifungua nati ya chini ukaona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage siku hiyohiyo. Beringi ikishika kutu haina msamaha, iwe ya Rover au ya Salisbury.

 

Kadi haijui

Kadi ya gari inabeba namba ya chesisi na ya injini. Ekseli inaweza kubadilishwa mara tatu bila kadi kujua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama kiufundi na inampa askari uwezo wa kulikagua, lakini ukaguzi wa kando ya barabara huishia kwenye taa, matairi na breki za miguu. LATRA, iliyoanza mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni za kusafirisha abiria na mizigo. Pikapu za milimani nyingi hubeba vyote viwili kwa pamoja, watu wakiwa juu ya magunia.

Hapo ubishi wa gereji unaacha kuwa wa mafundi. Mwenye gari akipoteza mzigo, ni mali yake; maisha ya abiria si mali yake. Pikapu yoyote iliyochomelewa viti vya springi upya isipakie mtu hata mmoja nyuma mpaka mkaguzi alale chini yake na tochi, akague mishono na kupima kama bomba limenyooka.

Nawe unayemiliki gari la namna hii, kabla ya kupanda basi kufuata spea, andika kwenye karatasi aina ya ekseli, resho yake, idadi ya meno ya shafti na namba zilizogongwa kwenye beringi. Iweke karatasi hiyo pamoja na kadi, na ukiliuza gari, mpe mnunuzi vyote viwili.